Nani Alipie Maswali Yanayoulizwa Urambo?

AFISA MIPANGO WA HALMASHAURI: Februari 2025 serikali ya Marekani iliikata programu ya tafiti za afya na idadi ya watu ambayo kwa miaka 40 ilizisaidia nchi kama yetu kujua akina mama wangapi wanajifungulia hospitalini, watoto wangapi wamedumaa na mabinti wangapi wameolewa kabla ya wakati. Uamuzi ulifanyika Washington. Mimi niliusikia redioni kama mtu mwingine yeyote, ilhali mpango wa maendeleo ulioko mezani kwangu umesimama juu ya namba hizo. Nguo ya kuazima haisitiri. Ninachosema ni kimoja: nchi inayotaka kujijua ijilipie. Fedha za kuchunguza jamii yetu zitoke hazina na zipitie vyombo vyetu. Wafadhili wakitaka kusaidia, waje nyuma yetu, wasitutangulie.

MWAKILISHI WA WAKFU WA HISANI: Maumivu yako nayaelewa, ndugu yangu, ila tiba yako inaniogopesha. Chukua namba moja tu. Utafiti wa programu hiyo wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Tabora, wanawake 58 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Shinyanga walikuwa 59, wastani wa taifa 37. Kazi ilifanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, lakini fedha za Marekani kupitia USAID na za wafadhili wengine zilikuwamo. Kabla ya hapo kila mtu alijua kuwa mabinti wa huku wanaolewa mapema. Lakini habari ya mdomoni haimlazimishi waziri kujibu, namba humlazimisha. Mahakama Kuu ilipovikataa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ilipoikazia hukumu hiyo Oktoba 2019, nchi ilikuwa imeshabishana miaka kadhaa juu ya jambo lililopimwa. Tungengoja hazina, huenda tungekuwa bado tunabishana kama tatizo lipo.

MKULIMA WA TUMBAKU, URAMBO: Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1988, akaolewa akiwa na miaka 16. Hakuna aliyemfuata kumuuliza kwenye utafiti huo. Lakini namba hiyo ilipotajwa redioni tulikuwa tunabangua karanga, akaweka chini ungo akasema, "Dada, hao ni sisi." Kwa hiyo simkatalii mwenye wakfu. Namba ilitufanya tuonekane. Ila baada ya kuonekana, nani alirudi? Walipopima tena mwaka 2015 na 2016 walikuta wasichana 43 kati ya 100 wa mkoa huu, wenye miaka 15 hadi 19, wameshazaa au wana mimba. Hiyo nayo nikaisikia redioni. Sisi ni kama marobota ya tumbaku siku ya soko: tunapimwa, tunaandikwa daraja, karatasi inaondoka. Na robota angalau lina malipo yake.

MHADHIRI WA CHUO KIKUU: Mama, hilo unalolisema ni la zamani kuliko sisi wote hapa, na limeanzia kwenye barabara hii hii ya misafara. Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo. Walitumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia ya London, na serikali ya Uingereza ilitoa pauni 1,000. Mengi ya yale Burton aliyoandika juu ya Karagwe na Uganda hakuyaona kwa macho yake. Alisimuliwa na mwenyeji wake, mfanyabiashara wa Kiomani Snay bin Amir, hapo hapo Kaze. Sidi Mubarak Bombay, aliyezitumikia safari za aina ile kama kiongozi na mkalimani, alipewa na Jumuiya pensheni ndogo mwaka 1876. Utaratibu ule bado tunao: swali linatoka mbali, jibu linatoka barazani kwa mwenyeji, kitabu kinachapwa London.

AFISA MIPANGO: Umenisaidia, Mhadhiri. Ndiyo maana nataka swali lirudi nyumbani.

MHADHIRI: Ngoja, Ndugu Afisa, nusu ya pili haikusaidii. Hazina nayo imewahi kulipa. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na mwanasosholojia wake rasmi, Hans Cory, aliyekusanya sheria na mila za Wasukuma na makabila mengine ili watawala wajue wanatawalaje kupitia machifu. Mwaka 1944 London iliunda baraza la utafiti wa sayansi za jamii katika makoloni, na kwa fedha za umma za aina hiyo ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Fedha zilikuwa za umma, swali lilikuwa la mtawala. Kwa hiyo usiniambie kwamba fedha ya serikali, kwa kuwa ni ya serikali, inakuja na uhuru ndani yake.

AFISA MIPANGO: Serikali ile usiifananishe na hii. Ile haikupigiwa kura na mama huyu. Mimi nikiharibu, diwani atanisimamisha kikaoni. Wakfu ukiharibu, mama atakwenda kumlalamikia nani? Tuangalie hapa hapa. Mwaka 2011 ulianza mradi wa PROSPER wa kupambana na ajira ya watoto katika tumbaku, Urambo na Sikonge. Fedha zilitoka ECLT, wakfu wenye makao Geneva, na ECLT inalipiwa na kampuni za tumbaku zenyewe. Sisemi mradi ulikuwa mbaya, wala sisemi walioufanya hawakuwapenda watoto. Nasema fedha ya namna hiyo inarahisisha swali moja na kulifanya gumu jingine. Ni rahisi kuuliza, "Kwa nini mzazi anampeleka mtoto shambani?" Ni vigumu kuuliza, "Kilo ya tumbaku inanunuliwa kwa bei gani hata mzazi ashindwe kumlipa kibarua?"

MKULIMA: Hilo la pili sijawahi kuulizwa. Na jibu lake ninalo.

MWAKILISHI WA WAKFU: Mama, umenichoma, na sitajitetea kwa jambo lisilotetewa. Lakini ECLT haifichi nani anailipia. Mtu akisoma matokeo yake anajua ayapime kwa mizani gani. Uwazi huo ndio kinga. Sasa nimuulize Afisa kuhusu chombo cha umma. Julai 2018 Twaweza, shirika linaloendeshwa kwa fedha za wafadhili, lilitoa matokeo ya utafiti wake wa Sauti za Wananchi: waliokubali utendaji wa Rais walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliwaandikia barua kuhoji kibali. Miezi michache baadaye Sheria ya Takwimu ilibadilishwa, ikawa kosa kutangaza takwimu zenye nia ya kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi. Niambie kwa dhati: utafiti ule ungelipiwa na hazina, ungeusoma?

AFISA MIPANGO: Nitajibu kwa dhati. Pengine nisingeusoma. Ila malizia hadithi: Juni 2019 Bunge lilikiondoa kifungu hicho. Kosa lilifanyika hadharani, likabishaniwa hadharani, likasahihishwa hadharani. Kuhusu kibali, sitakiombea radhi. COSTECH iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kibali ndicho kinachomzuia mtu kuingia kijijini kwa mama huyu na kuuliza watoto wake analotaka. Tuna haki ya kujua nani yuko ndani ya nyumba zetu. Ninyi mkibadili vipaumbele, hatusikii mjadala wowote. Inakuja barua pepe ya aya tatu: "Bodi imeamua kuelekeza rasilimali kwingine."

MHADHIRI: Na siyo wakfu tu. Machi 2021 Uingereza ilipopunguza misaada, chombo chake cha umma cha utafiti, UKRI, kilitangaza pengo la pauni milioni 120, na miradi iliyokuwa katikati ikakatwa. Umma wa nani, basi? Uingereza iliamua kuhusu fedha zake, na ni haki yake. Sisi tuliokuwa tumeshaajiri wadadisi na kuahidi vijiji tukabaki kueleza.

MWAKILISHI WA WAKFU: Hapo tuko pamoja. Kumwacha mtu katikati ya kazi ni dhambi, iwe imefanywa na bunge au bodi.

MHADHIRI: Niruhusu niseme la kwetu vyuoni, maana tunajificha nyuma ya wafadhili. Mkono mtupu haulambwi. Mshahara unatosha nusu ya mwezi, kwa hiyo tangazo la kazi ya ushauri elekezi likitoka, tunalikimbilia. Hadidu za rejea zimeshaandikwa, maswali yameshachaguliwa, hata idadi ya kurasa imepangwa. Siku 30, ripoti, malipo. Mahmood Mamdani alipoiongoza taasisi ile ya Makerere alisema wazi kwamba utamaduni huu unaua utafiti, kwa sababu mshauri hutafuta jibu la swali la mteja, ilhali kazi ya mtafiti ni kulitunga swali lenyewe. Mimi nimeandika ripoti nyingi kuhusu mkoa huu. Kitabu, sijaandika hata kimoja.

MKULIMA: Kwa nini, mwanangu?

MHADHIRI: Kwa sababu kitabu kinataka miaka, mama, na hakuna anayenunua miaka. Nikupe mfano wa Unyamwezi wenyewe. Mwaka 1957 alikuja kijana Mwingereza, Ray Abrahams, kupitia taasisi ya Makerere. Alikaa karibu miaka mitatu, akajifunza Kinyamwezi, akaandika juu ya utawala na ujirani, watu wanavyolima pamoja na kuzikana. Hakuna mradi uliokuwa unangoja majibu yake. Alirudi miaka ya 1970. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 wezi wa ng'ombe walipozidi na sungusungu wakachipuka Kahama na Nzega, serikali ikawa haijui iwakumbatie au iwakamate. Abrahams aliweza kuonyesha, katika makala ya mwaka 1987, kwamba ule mwano wa kuitana na mishale vilikaa juu ya desturi za ujirani alizoziona miaka 30 nyuma. Mshauri wa siku 30 angeandika "kundi la watu wenye silaha" akaenda zake.

AFISA MIPANGO: Umesema vizuri, lakini umemsifu Mwingereza aliyelipiwa na Waingereza.

MHADHIRI: Namsifu kwa muda aliopewa. Alfred Unomah, Mnigeria, aliandika tasnifu yake kuhusu Unyanyembe katika Chuo Kikuu cha Ibadan mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha akaandika kitabu kidogo juu ya Mirambo. Chuo cha umma cha Kiafrika kilimpa mwanafunzi wake nafasi ya kuivuka nusu ya bara na kuja kuuliza habari za mtawala wa Urambo. Leo nionyeshe chuo chetu kimoja kinachoweza kumpeleka mwanafunzi Ibadan kwa fedha zake.

MWAKILISHI WA WAKFU: Lakini usifunge mlango kana kwamba fedha ya nje haiwezi kuacha swali wazi. REPOA ilianzishwa mwaka 1994 kwa msaada wa Uholanzi, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwapa watafiti wa Kitanzania ruzuku kwa mada walizozileta wao wenyewe kuhusu umaskini. Watu wengi waliojifunza utafiti humo wako serikalini na vyuoni leo. Mholanzi alilipa, maandiko yalisomwa na kuchujwa Dar es Salaam. Kama fedha ya mbali inaweza kukabidhiwa mikono ya karibu, basi shida iko kwenye mkataba, na mkataba unaandikika upya.

MKULIMA: Mnazungumza mikataba. Niwaambie dodoso linavyofika. Mwaka mmoja walikuja vijana wawili na vishikwambi, mwezi wa saba. Wapole, wamesalimia vizuri, wakanisomea karatasi ya ridhaa, nikatia saini. Swali moja lilisema: "Katika siku saba zilizopita, mtoto wako alifanya kazi gani katika tumbaku?" Nikasema hakuna. Kijana akabonyeza, akaendelea. Nikamwambia, "Mwanangu, mwezi wa saba tumbaku iko sokoni. Njoo Februari mpaka Aprili, tunapochuma, ukanikute usiku kwenye bani la kukaushia, moto hauruhusiwi kuzimika, na watoto wanatunga majani kwenye fito mpaka vidole vinakuwa vyeusi kwa gundi." Akaniangalia kwa huruma. Akasema hakuna nafasi ya kuandika hayo. Nilipomuuliza kwa nini wamekuja Julai, akajibu kwamba wakubwa wa mradi vyuo vyao hufungwa Julai.

MHADHIRI: Na jibu lako likaingia kwenye hesabu kama sifuri.

MKULIMA: Likaingia kama sifuri. Nami nilikuwa nimesema kweli.

MWAKILISHI WA WAKFU: Hilo, mama, ni kosa la aliyelipia kuliko la kijana. Mwenye fedha ndiye aliyepanga ratiba.

MKULIMA: Jingine. Hapa Tabora ipo TORITA, taasisi ya utafiti wa tumbaku, inaendeshwa kwa michango ya wadau wa zao, nasi wakulima tumo. Sina ugomvi nayo. Jani lisipochunguzwa, magonjwa yatalimaliza. Lakini fikirini: jani lina taasisi yake, linalipiwa na sisi wenyewe, linapimwa kila msimu. Mtu anayelichuma anangoja mgeni. Kama tunaweza kuchangia jani, nani aliwaambia kwamba hatuwezi kuchangia swali letu?

AFISA MIPANGO: Mama, hapo umenipa njia ambayo sikuja nayo. Nilikuwa naiangalia Dodoma. Mwaka 1980, katika Mpango wa Lagos, nchi za Afrika ziliahidi kufikisha asilimia 1 ya pato la taifa kwenye sayansi na teknolojia. Tunao mfuko wetu, MTUSATE, chini ya COSTECH. Lakini ukisema "sayansi na teknolojia", watu wanaona maabara na mashine. Anayetaka kujua kwa nini binti anaacha shule anasukumwa mwisho wa foleni. Halmashauri, kwa upande mwingine, inakusanya ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Na sheria ilipotuamuru tutenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, tulilalamika kwanza, kisha tukatenga. Sehemu ndogo sana ya ushuru wa tumbaku ingetosha utafiti mmoja mzuri kila msimu.

MHADHIRI: Wazo zuri, na linanitisha. Namjua diwani. Akilipia utafiti wa kata yake mwaka wa uchaguzi, ataomba majibu kabla ya maswali. Mfadhili wa Geneva yuko mbali, lakini hanipigii simu usiku.

AFISA MIPANGO: Na mimi namjua zaidi. Akiwekewa mezani madarasa mawili na utafiti mmoja, atachagua madarasa, na wananchi watampigia makofi. Sitakudanganya kwamba nitashinda kikao hicho.

MWAKILISHI WA WAKFU: Basi tugawane uzito. Halmashauri itoe fungu la kwanza, hata likiwa dogo, ili swali liwe na mwenyewe. Wakfu uongeze shilingi kwa shilingi, bila haki ya kubadili swali. Uchambuzi na uhakiki ufanywe na chuo, na matokeo yachapishwe hata yakituudhi sote watatu. Diwani akitaka kuyaficha, sisi tunayo. Sisi tukiondoka, ninyi mnayo.

MHADHIRI: Na mkataba uwe wa miaka mitano. Chini ya hapo utapata ripoti nyingine.

MWAKILISHI WA WAKFU: Bodi yangu huidhinisha miaka mitatu.

MHADHIRI: Basi bodi yako bado inanunua ripoti.

AFISA MIPANGO: Na mimi sina mamlaka ya kuahidi hata mwaka mmoja unaofuata. Bajeti inapitishwa mwaka kwa mwaka.

MKULIMA: Nimewasikiliza. Kila mmoja amemwonyesha mwenzake mlango uliofungwa, na milango ni ya kweli. Mimi nina masharti machache. Msije Julai. Swali mojawapo liwe la bei, hata mlipaji akinuna. Majibu msiyapeleke redioni kabla hayajasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, mbele ya watu waliojibu, tukipinga mtuandike tumepinga. Na nakala moja ikae ofisi ya AMCOS, ushirika wetu, kwenye kabati lile lile la vitabu vya mizani, ili mdogo wangu akitaka kuonyesha wanawe kwamba "hao ni sisi", awe na pa kuishika. Mkutano wetu, kwa sheria, unakaa kila miezi mitatu. Kuchuma tunaanza Februari, wakati madiwani nao wanajadili bajeti. Mkija, leteni kwanza karatasi isiyoandikwa kitu, tuanzie hapo.